Betri za Baba Mkwe Chumbani mwa Mapacha

Mshauri wangu, unisamehe kama mwandiko unapanda na kushuka, naandikia juu ya meza ya cherehani, naomba unisaidie maana nimefika mahali ambapo nikisema nitamuumiza mtu ninayempenda, na nikinyamaza huenda nikazika watoto wangu, na hapo siongezi chumvi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa hapa nyumbani, nina watoto wa kike mapacha wanaosoma darasa la kwanza, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mama Pacha. Mume wangu anafanya kazi na kampuni ya kujenga barabara, yuko kambini mbali, tunamwona likizo kwa likizo, kwa hiyo nyumbani tupo mimi, mapacha na baba mkwe wangu. Huyu baba aliendesha lori la petroli maisha yake yote ya kazi mpaka watu wakasahau jina lake wakawa wanamwita Mzee Tangi, mtu wa kusimama wima, wa kunyoosha shati hata kama anakwenda kununua kiberiti tu, mtu ambaye hata kumkosea salamu unaogopa. Mama mkwe alipofariki, yule mtu alizima kabisa. Alivuta kiti chake akakigeuzia ukutani, akawa anakaa hapo kutwa, chakula nampelekea kikiwa cha moto nakwenda kukichukua kimeganda, nikimwamkia anaitikia kwa kichwa, mapacha wakimpandia magotini anawatazama kama watoto wa jirani. Nilimpeleka zahanati, wakampima kila kitu, wakasema mwili hauna neno.

Sasa mtaani kwetu nguzo za umeme ziliishia barabara kubwa, kwetu hazikufika, tunatumia tochi na taa za mafuta. Asubuhi moja nikashangaa Baba amevaa viatu. Akaniambia anakwenda kwa rafiki yake mwenye lori bovu, akarudi na betri mbili kwenye mkokoteni, kesho yake akaleta paneli za mkono wa pili, kesho kutwa inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe umeme wa kuwashia vitu vya nyumbani, akapanda juu ya bati mwenyewe, umri ule, mimi nimeshika ngazi huku nasali kimoyomoyo. Jioni taa zikawaka nyumba nzima. Mshauri, Baba siku hiyo alikula, akaomba nimwongezee, na mimi nikaenda jikoni kujifanya napakua nikalia huko.

Tangu hapo amerudi kuwa mtu. Cherehani yangu ameifungia mota, siikanyagi tena kwa mguu, majirani wanaleta simu kuchaji, wanakaa barazani wanapiga soga naye, na jina limebadilika, sasa wanamwita Mzee Mwanga, naye anawajibu kwamba hana ubishi ilimradi wasimaanishe yule mwanga mwingine wa kuroga watu. Anacheka mwenyewe mpaka anakohoa. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Lakini betri hizo ameziweka chumbani kwake, na chumbani kwake ndiko wanakolala mapacha, zimekaa sakafuni katikati ya kitanda chake na chao. Anasema zikikaa nje zitaibiwa, na kweli betri huibiwa. Waya unatoka kwenye paneli unashuka moja kwa moja mpaka kwenye betri, hakuna kitu katikati. Nimewahi kuona nyumba ya mteja wangu kuna kikasha kidogo ukutani chenye vitaa, wanakiita kontrola, nikamuuliza Baba kwa heshima mbona sisi hatuna, akanijibu kwamba ameishi na betri za lori kabla mume wangu hajazaliwa na hajawahi kuona betri inayohitaji yaya. Jua likiwa kali chumba kile kinanuka mayai viza, na nikisogea karibu nasikia betri zinatokota kwa ndani, kama sufuria iliyofunikwa. Mapacha wameanza kulalamika macho yanawasha.

Wiki chache zilizopita nilitoka kupeleka sare, niliporudi nikakuta nyumba ina harufu ya plastiki iliyoungua, Baba amekaa kwenye kochi ameliegemea, kitu ambacho hafanyi, na mezani kuna pasi mpya ya umeme. Akasema ameninunulia, amechoka kuniona navuta moshi wa ile ya mkaa, lakini kwa leo tusiiwashe kwanza. Hakusema zaidi na mimi sikuuliza, nikamshukuru. Alipotoka nikachungulia nyuma ya kochi. Waya ulioelekea sebuleni umevuliwa ganda, plastiki imeyeyukia kwenye mbao, kitambaa cha kochi kina tundu jeusi ninaloweza kupitisha mkono wangu. Ameuzungushia utepe mweusi akaona basi. Unajua nilifanya nini? Nilichukua kitambaa cha kufuma nikafunika lile tundu, nikaendelea kushona. Nilimpigia simu mume wangu nikamweleza, akaniambia, "Muache Baba afurahi. Ukimvunja moyo, wewe ndiye utakayebaki naye, si mimi." Nikaona hana kosa.

Kinachonifanya niandike leo ni hiki. Nyumba ya pili kutoka kwetu kuna mama analea watoto wachanga wa watu wanaokwenda kazini, anawalaza kwenye magodoro chini, chumba kimejaa. Alikuja kumwomba Baba amfungie umeme kama wetu, na Baba amekubali, amesema atafunga Jumatatu, na betri zitakaa pembeni ya magodoro kwa sababu ya wezi. Tangu nisikie hilo sindano inanichoma vidole. Nimefikiria kumwendea yule mama kwa siri nimwambie akatae, lakini ataniuliza kwa nini na habari zitamfikia Baba kupitia kwa watu, aibu yake itakuwa kubwa. Nimefikiria pia kukata waya mmoja nyuma ya betri Baba akiwa barazani, halafu nisingizie panya. Mkasi wangu wa kitambaa una nguvu ya kutosha. Naogopa kusema, mshauri, si kwamba atanifokea, hajawahi kunifokea. Naogopa atarudi kwenye kile kiti.

Nifanye nini?

Ni mimi mkaza mwana wake,
Mama Pacha

MSHAURI ANAJIBU

Mama Pacha mwanangu, barua nyingine hapa mezani hungoja zamu yake. Ya kwako niliisoma nikiwa nimesimama, na kabla sijakaa nilikuwa nimekwisha kupiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Wasomaji wangu wameshazoea kwamba nawajibu gazetini, lakini jambo hili lisingeweza kusubiri mtambo wa kuchapa. Umeniruhusu niyaeleze yaliyofuata, basi nitayaeleza, na mahali pa kukugombeza nitakugombeza mbele yao, maana wapo wengi wenye betri chumbani na midomo iliyofungwa kama wako.

Naanza na ule mkasi. Ulipanga kukata waya wa betri kwa mkasi wa chuma, kwenye chumba kilichojaa harufu ile uliyoieleza. Kabla ya kukupigia nilimtafuta kwa simu mwanamama mmoja ninayemfahamu, kazi yake ni kufunga umeme wa jua, nikamsomea barua yako. Alipofika kwenye mkasi alinikatisha. Alisema betri inayotokota hutoa hewa inayowaka, na cheche moja ya mkasi ingeweza kuilipua ikakumwagia tindikali usoni. Kwa hiyo panya wako wa kusingizia angekuua wewe kwanza. Ulikuwa tayari kuhatarisha uso wako ili usitamke maneno machache mbele ya mzee ambaye, kwa maneno yako mwenyewe, hajawahi kukufokea. Lifikirie hilo ukiwa umetulia.

Kwenye simu nilikwambia uzime inveta kwa swichi yake, ufungue madirisha na mlango wa chumba kile, godoro la mapacha ulihamishie kwako siku hiyohiyo, mtu yeyote asiwashe njiti wala kuvuta sigara karibu na hapo, na nyaya zenyewe usiziguse hata moja, ni za fundi. Ukaniuliza, na Baba je? Nikakujibu kwamba Baba utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla jua halijazama, na umwambie ulichokiona bila kukizungushia maua. Ukalia. Nikakuacha ulie, halafu nikakukumbusha kwamba Jumatatu inakuja.

Ulinipigia baadaye. Ulisema ulimkuta barazani peke yake, ukapiga magoti kama unavyofanya ukimwamkia, na badala ya salamu ukamwambia, "Baba, nyuma ya kochi paliungua na nilipaona siku ileile. Naogopa watoto watakufa mle chumbani." Ulisema ulipoanza kuomba radhi akakuzuia kwa mkono. Akakwambia alijua umeona. Kitambaa cha kufuma hakikujiweka chenyewe pale. Alikuwa anasubiri umwambie, na kila siku ulipokuja na chai ukaondoka bila kusema, aliona labda hatari si kubwa kama anavyoidhania.

Ukamuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakusema.

"Niliogopa mtanirudisha kwenye kile kiti," akakujibu.

Hapo mwanangu nilikaa chini nikiwa bado nimeshika simu. Watu wawili ndani ya nyumba moja wanaogopa kiti kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake, na katikati yao wamelala watoto. Akakueleza kwamba harufu anaisikia, kwamba hulala dirisha likiwa wazi na huamka kupapasa nyaya kama zimepata moto, na kwamba kwa miaka yote aliyoendesha petroli hakumruhusu mtu awashe njiti karibu na tangi lake, hata bosi wake mwenyewe aliwahi kushushwa na Baba kwenye lori kwa sababu ya sigara. "Halafu nikawalaza wajukuu zangu kando ya..." akasema, sentensi ikamshinda. Nawe kwa mara ya kwanza tangu uolewe ukamshika mkono baba mkwe wako, ukaona haya, lakini hukuuachia.

Fundi wangu alikuja kwenu kesho yake. Nilimwonya mapema kwamba asije kumfundisha mzee wa watu kama mtoto, akanicheka, akasema yeye mwenyewe ana baba. Alichofanya kwanza ni kufunika paneli kwa mablanketi mazito ili zisiendelee kuchaji, akaacha chumba kipigwe upepo mpaka harufu ikaisha. Akavua pete na saa, akavaa miwani na glavu, akafunga vifaa vyake kwa utepe kwenye mipini, akaachanisha waya wa hasi wa betri kabla ya ule wa chanya. Mzee akasimama mlangoni anatazama kila kitu. Ndipo akamuuliza lile swali lililokuwa likimsumbua: iweje betri za aina hii kwenye lori zilimtumikia miaka mingi bila kutokota, na nyumbani zinachemka?

Fundi akamweleza kwamba kwenye lori kulikuwa na kidude ndani ya dainamo kilichozuia betri isijazwe kupita kiasi. Hakikuonekana, hakuna dereva aliyekijua kama hajafungua injini. Juu ya bati kidude hicho hakipo, jua linasukuma tu kutwa nzima hata betri ikishajaa, na hiyo ndiyo kazi ya kontrola, kulizuia. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe yaya alikuwepo siku zote," na ulisema alicheka, kidogo, lakini alicheka.

Sasa sikilizeni nyote mnaotaka kufunga vitu hivi, nayasema kama nilivyoyapokea kwa fundi. Betri haikai chumba cha kulala, kiwe cha mtoto au cha mtu mzima. Kwa Mama Pacha wamejenga kibanda kidogo cha matofali nyuma ya nyumba, mbali na jiko, kina matundu juu ya kupitisha hewa, mlango wa chuma na kufuli, betri zimepandishwa juu ya mbao. Wezi wamepata jibu lao na mapafu ya watoto yamepata lao. Betri za lori zimerudi kwa mwenyewe, kwa sababu zimetengenezwa kupiga stata tu, yaani kuamsha injini, na kujazwa tena papo hapo, ukizitumia kuwasha nyumba mpaka ziishe zinakufa mapema. Nunueni za sola, zote za aina moja na umri mmoja, msichanganye kuukuu na mpya. Waya unaotoka betri kwenda inveta uwe mfupi na mnene, kwa kuwa waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata moto, na mmeona kochi la Mama Pacha. Karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, iwekwe fyuzi ya saizi ambayo fundi ameipigia hesabu, na ikikatika msiibadilishe kwa kipande cha waya, tafuteni kwanza kilichoikata. Wakati wa kufunga, kontrola inaunganishwa na betri kwanza, paneli baadaye, na wakati wa kufungua mnaanza kutoa paneli. Paneli zifungwe kwa chuma zisije zikaruka na upepo zikamkata mtu. Na wekeni ndoo ya mchanga karibu. Moto wa umeme haumwagiwi maji.

Kuhusu pasi, Mama Pacha, pole. Kitu chochote ambacho kazi yake ni kutoa joto kinakula umeme kuliko taa zako zote na mota ya cherehani vikijumlishwa. Mfumo wenu hauuwezi mzigo huo. Rudi kwenye mkaa, na hiyo mpya mrudishie muuza duka kama bado atakubali. Lakini kabla hujaifunga kwenye boksi, mwambie Baba kwamba uliipenda. Alikuwa anakutazama ukivuta moshi, wewe ukidhani hakuna anayekuona.

Jumatatu ilipofika hukuhitaji kumwendea yule mama wa watoto wachanga kwa siri. Baba alikwenda mwenyewe, amenyoosha shati, akamwambia alichotaka kumfungia kilikuwa hatari na kwamba yeye mwenyewe hakujua kazi ya kontrola. Yule mama alitaka kusema haidhuru, Baba akamkatisha, akasema inadhuru. Akarudi kwake na fundi siku iliyofuata, wakafunga betri nje, na kazi ya kumshikia fundi ngazi aliifanya yeye. Ulinieleza kwamba amekuwa akizunguka nyumba za mtaa kuuliza watu betri zao ziko wapi, na wengine wameanza kuzificha wakimwona anakuja. Mwache azunguke. Hiyo ni kazi inayomfaa, na ana mdomo wa kuifanya.

Lakini sijamaliza na wewe. Unadhani jambo limekwisha kwa sababu lilitoka vizuri. Limetoka vizuri kwa bahati, mwanangu. Ulikuwa unamlinda mzee asiumie moyo, na ukimlinda hivyo ulimwacha peke yake na hofu yake, kila usiku anapapasa nyaya gizani kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia, "Baba, hata mimi nasikia." Mtu aliyefiwa si yai. Unaweza kumwambia ukweli na bado ukampenda, na yeye anaweza kukosea na bado akabaki mwenye heshima zake zote. Ukimficha kila kitu kibaya, unamfanya mgeni nyumbani kwake.

Kwa mume wako nina neno pia, na mpelekee gazeti hili kambini. Bwana mkubwa, mkeo alikupigia akakwambia nyumba yako imeungua kochi, ukamjibu kuhusu furaha. Siku nyingine ukipigiwa simu ya namna hiyo, uliza watoto wamelala wapi. Kisha mpigie baba yako mwenyewe. Usimbebeshe mkeo maneno yaliyo yako kuyasema.

Mwanangu, kuanzia sasa mwisho wa kila mwezi wewe na Baba mwende pamoja kwenye kile kibanda, mfungue mlango hewa ipite, mtazame vichwa vya betri kama vimeshika kutu, mkague ganda la nyaya, muweke kiganja karibu msikie kama kuna joto. Yeye aangalie upande wake, wewe wako, halafu mbadilishane. Msiende mkiwa na haraka, na msimwachie mmoja kazi ya wawili. Na siku kiganja chako kitakapokutana na kitu cha moto, kwenye waya au kwa mtu, sema kabla hakijapoa.